Harambee ya Mpishi wa Watoto Wetu

Wazazi, majirani na wanafunzi wa zamani, hamjambo.

Mpishi wa shule yetu hapa Likoni mnamjua, huyo anayemwongeza mtoto upawa wa maharagwe kabla hajaomba. Tangu Ramadhani iishe yeye mwenyewe hali ila uji mwepesi. Ilianza nyama kumkwama, ikafuata chapati, sasa hata wali haupiti. Mwanzo alidhani ni mwiba wa changu, akafanya tulivyofunzwa sote na bibi zetu: akameza tonge la ugali bila kutafuna ili lisukume mwiba. Tonge likanasa kifuani. Usiku kucha alikaa kitako kitandani akitema koponi, maana hata mate hayakushuka.

Maneno ya husuda na majini tumeyasikia, tuyaache. Daktari alipitisha kamera kooni akaona umio, ile njia ya chakula, umesinyaa chini kabisa unapokutana na tumbo. Chanzo ni kiungulia alichokituliza kwa maziwa miaka nenda miaka rudi. Asidi ilipanda ikachoma, kidonda kikapona kwa kovu, kovu likabana njia. Ikipungua chini ya milimita 13 hivi, chakula kigumu huanza kukwama. Kinyama kilichokatwa kikapimwa kimeonyesha si saratani, alhamdulillahi.

Tiba ipo: njia hutanuliwa kwa puto dogo linaloshushwa hadi hapo pembamba na kujazwa. Haifanywi kwa pupa, kwani umio unaweza kupasuka, ndiyo maana daktari amepanga mara tatu, wiki kadhaa kati yake, pamoja na omeprazoli ili asidi isirudie kazi yake.

Zinatakiwa shilingi 135,000. Familia imeuza mbuzi ikapata 18,000, walimu wametoa 21,000, na wenzake wa jikoni 6,500 (kwa mshahara wao, hizo si haba). Zimebaki 89,500.

Tukutane Jumamosi hii saa kumi jioni uwanjani mwa shule. Akina mama watauza mahamri na mbaazi, pato lote liingie mchangoni. Mlio ng'ambo ya feri mpeni mtoto bahasha amkabidhi mwalimu wa darasa, na mdai risiti. Msitume pesa kwa namba yoyote inayosambazwa kwa simu, hatujatoa namba.

Ameomba asisimamishwe mbele ya watu aonewe huruma, nasi tumekubali. Mkimkuta siku hiyo msimhoji habari za koo lake.

Katibu, Kamati ya Wazazi