Sarafu za shaba nazo muziandike

Mhariri, salamu kutoka Tabora.

Ile makala yenu ya pesa za kale ilikuwa poa ila mmesifia dhahabu na fedha tu, shaba mmeiruka kabisa, wakati mtu wa kawaida sokoni dhahabu alikuwa anaisikia tu. Chukua Wasogdi, wale wafanyabiashara wa Samarkand na Bukhara, Uzbekistan ya leo. Karne ya 7 na ya 8 fedha ilikuwa ya biashara kubwa, chenji ya sokoni ndo shaba, na miji ilikuwa inatoa ya kwake. Wachina mwaka 621 walitoa sarafu yenye tundu la mraba katikati, Wasogdi nao wakaiga, wanayeyusha shaba wanamimina kwenye kalibu, halafu wanaweka jina la mtawala wao kwa maandishi ya Kisogdi na alama ya ukoo wake pembeni. Za Panjikent, Tajikistan huko, zipo zenye jina la Nana, mungu wao wa kike! Hapo ndo niliwakubali.

Na wala si mambo ya mbali hayo, hapa hapa Tabora 1916 Mjerumani kabanwa na vita, chenji hakuna, akaanza kugonga sarafu za Heller 20 (Heller ndo ilikuwa senti ya enzi zake) za shaba nyekundu na ya njano, chini ya mwaka kaweka herufi T, yaani Tabora. Vijana wangapi wa hapa wanalijua hilo?

Toleo lijalo tuwekeeni na picha basi, za rangi kama wino upo.

Msomaji wenu, Tabora