Kwa mdogo wangu uliyeacha kusali

Mdogo wangu mpendwa,

Mama ameniambia kwamba huwezi tena kukaa kanisani, na kwamba nyimbo za sifa zikisikika kwa jirani huko Nairobi unafunga dirisha. Baba anasema shetani amekushika. Sikubaliani naye, na nimemwambia hivyo.

Ulikuwa hapa Malindi Aprili 2023, makaburi ya msitu wa Shakahola yalipoanza kufukuliwa. Uliwaona wale waliosubiri nje ya chumba cha maiti, wameshika picha za ndugu zao. Miili ilizidi 400, watoto wakiwamo, na wengi walikufa kwa njaa. Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Hadi Machi 2024 ndipo familia za kwanza zilipokabidhiwa watu wao wazike, baada ya vipimo vya DNA. Mtu akiyaona hayo kisha asiulize kitu, huyo ndiye ningemwogopa.

Mimi nilirudi kuzisoma Injili taratibu, nikitaka kujua huyo Yesu waliyeambiwa watakutana naye anafanya nini mbele ya mtu mwenye njaa. Anampa chakula. Kila mara. Binti wa Yairo anafufuka, watu wamepigwa na butwaa, na yeye anaamuru mtoto apewe kitu ale. Halafu ile asubuhi kando ya ziwa, baada ya kufufuka. Wanafunzi wamekesha na nyavu hawajapata kitu. Sisi tumekulia mji wa wavuvi, tunajua sura ya mtu anayerudi alfajiri mikono mitupu. Wanafika ufukweni wanakuta ameshawasha makaa, samaki wako juu ya moto na mkate upo. "Njoni mfungue kinywa," anawaambia. Petro aliyemkana mara tatu yumo humo humo, na haulizwi neno mpaka amekula akamaliza.

Siwezi kumlinganisha huyo na yule waliyehubiriwa kule msituni.

Na wewe kufunga unakujua tangu utoto. Kwaresima Mama anajinyima yeye, ila sufuria yetu haikuwahi kukaa tupu, na sehemu aliyoiacha ilipelekwa kwa yule mjane wa nyumba ya nyuma. Nilipokuja kusoma Isaya 58, kwamba saumu anayoipenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, nilikuwa nimeshaiona jikoni. Mwaka ule wa 2023 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Mama alikuwa amemaliza mfungo wake, Bi Mkubwa wa jirani anaendelea na wake, na jioni magharibi ikiadhiniwa mbaazi za nazi zilikuja kwetu kama miaka yote. Tulirudisha bakuli likiwa na samaki, maana kwetu bakuli halirudi tupu. Nyumba mbili, dini mbili, watu wazima wamefunga, na hakuna mtoto aliyelala bila kula. Wiki mbili baadaye ndipo habari za Shakahola zilipotufikia, na Bi Mkubwa akaja kukaa na Mama kibarazani hadi usiku.

Nikiulizwa neema ni nini, naanzia hapo. Sina hoja nyingine kubwa ya kukupa, na sidhani unaitaka.

Agosti shule zikifungwa, njoo na watoto. Jumapili hakuna atakayekuvuta mkono. Tutakaokwenda tutakwenda misa ya kwanza, wewe lala, tukirudi tutakunywa chai pamoja. Baba nitazungumza naye mimi. Mama ameshamwagiza mvuvi wake changu wakubwa, na anauliza kama mwanao wa pili bado anakataa pilipili. Niambie tu kama mtapanda basi la usiku au treni hadi Mombasa, nipange na mtu wa tuktuk aje kuwapokea stendi.

Dada yako