Mgeni akisema yuko sawa

Kibosho, Moshi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikitoka mjini, nikaurudia nyumbani nikiwa na miwani. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Kwanza tucheke kidogo. Jirani yetu wa kule bondeni aliniuliza uko wapi siku hizi, nikamjibu bila kufikiri, "Yuko Nungwi, Zanzibar, anazamia." Mzee wa watu akashika kichwa: "Meli ya kwenda wapi?" Ikabidi nimkalishe chini nimweleze kwamba hukujificha kwenye meli ya mtu, unasomea ualimu wa kuzamia baharini, na vyeti unavyo. Aliitikia tu kwa heshima. Simlaumu. Mimi baba yako nilikuambia "Mchaga na bahari wapi na wapi", ukaondoka na begi lako bila kunywa chai. Nilitaka usome uhasibu. Kuogelea kwenyewe ulijifunzia kwenye chemchemi ya Chemka kwa kutoroka, na siku nilipokukuta na nywele mbichi unakumbuka tulivyogombana.

Kilichonibadilisha ni ile chupa. Unaikumbuka? Ulipokuwa mdogo, nikishuka Kilimanjaro kuongoza wageni, nilikuletea chupa ya plastiki niliyoimaliza maji kambi ya Barafu, kwenye mita 4,600 na ushee, nikaifunga kizibo palepale. Ikifika geti la Mweka imebonyea kama iliyokanyagwa na ng'ombe. Ulikuwa unaifungua ili usikie inavyovuta hewa, fyuu, halafu unaniuliza nani ameikanyaga. Na pakiti za biskuti nazo, tukipanda nazo zinavimba kama puto. Mwezi uliopita uliponieleza kwa simu kwamba puto ukishuka nalo mita 10 linabaki nusu, na ukipanda nalo linarudi, nikakaa kimya. Ulidhani mtandao umekatika. Nilikuwa nawaza kwamba somo hilo umelianzia kwenye jiko la mama yako.

Nikapiga hesabu zangu za kizee. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa inatukandamiza karibu nusu tu ya inavyokandamiza pwani. Mimi natembea siku tano au sita kuifikia hiyo nusu. Wewe unashuka mita 10, muda wa kufunga kamba za viatu, unaibeba ile ya pwani mara mbili. Ndiyo maana sikushangaa uliposema mnapanda kwa utaratibu, mita 9 kwa dakika, kisha mnasimama kwenye mita 5 dakika 3 nzima, mnaning'inia tu mkitazamana, nitrojeni itoke mwilini taratibu. Pole pole ni yetu, nyinyi mmeigeuza kichwa chini. Sisi kupanda ndiko kunakoua, dawa yake ni kumshusha mtu upesi. Kwenu kupanda haraka ndiyo hatari. Hata ule mfuko tunaomlaza mgeni aliyezidiwa na mwinuko, tunampampia hewa kwa mguu mpaka mwili wake udhani ameshushwa, ni mdogo wake kile chumba cha chuma mnachomwingizia mzamiaji aliyepanda vibaya.

Sasa hilo lililokuliza. Umeniandikia kwamba kwenye zoezi la kufundisha bwawani, mwenzako aliambiwa pembeni ajifanye mwanafunzi anayekosea, na wewe ulitakiwa ulione kosa. Akatoa kifaa cha kupumulia mdomoni, na badala ya kuachia mapovu madogomadogo akabana pumzi. Hukuona. Akili yako ilikuwa kwenye ishara ya mkono inayofuata. Ukakatwa alama, ukasema labda kazi hii si yako.

Nina la kwangu ambalo sijawahi kukuambia. Mama yako analijua nusu.

Ilikuwa usiku wa kileleni, saa tisa hivi, nina mgeni mmoja, mtu mzima mwenye maneno ya kuchekesha. Tukasimama kunywa chai. Akavua glavu ashike kikombe, na alipotaka kuivaa tena akawa anaingiza mkono wa kulia kwenye glavu ya kushoto. Akajaribu mara ya kwanza. Akajaribu mara ya pili, kidole gumba kinatafuta mahali pasipo na nafasi yake. Nikamsaidia. Nikamuuliza yuko sawa? Akasema yuko sawa kabisa. Mama, wote husema wako sawa. Mtu amelipa maelfu ya dola, amewaaga watu kwao, atakuambia vipi hayuko sawa?

Niliijua ile glavu ilikuwa inaniambia nini. Ubongo ukianza kuvimba, mtu hupotelewa na vitu vidogo kabla hajaanza kuyumba. Nilitakiwa niseme neno moja, tunarudi. Lakini nikawaza kwamba Stella, pale ukingoni kabla ya Uhuru, iko karibu, na wageni wasiofika juu hutoa tipu ya huzuni. Tukaendelea. Tulipopita Stella akakaa chini, hakuweza kunyooka. Tulimshusha tukimkokota kwapani mpaka kambini, halafu kwenye machela ya gurudumu moja, wagumu wanne, wapagazi wetu, wawili mbele wawili nyuma, na mimi ubavuni nikimwita jina lake asilale. Mchana, tukiwa tumeshuka sana, akafumbua macho akaomba chai.

Alinipa dola 300 na kunishukuru kwa kuokoa maisha yake. Nikapokea. Mabati ya jiko letu ndiyo hela ile. Ulisomea chini yake mpaka kidato cha sita, na kila mvua ikipiga pale mimi naisikia tofauti na nyinyi.

Kwa hiyo usinililie alama. Wewe hukuona, mimi niliona. Kutoona kunatibika, ndiyo maana wamekuwekea mwenzako wa kukosea kwa makusudi, tena bwawani. Rudi majini, uache kuyakariri maneno yako. Mtazame mtu. Utafika kufundisha wageni mpaka wanane kwa mkupuo, na kila mmoja atakuonyesha kidole na gumba yameungana kwamba yuko salama, macho yake nyuma ya kioo yakisema mengine.

Mitihani ya kuandika sina wasiwasi nayo. Masomo matano, asilimia 75 kila moja, na hesabu hukuzichukua kwangu, ulizichukua kwa mama yako. Lile zoezi la kubadilishana vifaa vyote chini ya maji, miwani, mapezi, jaketi na mtungi, huku wawili mnapokezana kifaa kimoja cha kupumulia, hilo sikulipenda, lakini umeshalipita. Na zile dakika 15 za kuelea, mbili za mwisho viganja viko juu ya maji, nilijaribu kumwonyesha mama yako sebuleni, akaniambia niache kuvunja vitu.

Krismasi najua hutakuja. Kaskazi ndiyo wageni wenyewe, na mwalimu mpya hapewi likizo Disemba. Ndafu tutakula bila wewe, mguu mmoja nitautaja jina lako. Utakapokuja Januari, usitoke majini asubuhi ukapanda ndege jioni. Umeniambia mwenyewe ni saa 18 baada ya kuzamia siku mfululizo; mimi nakupa 24. Na ule mpango wako wa kuunganisha tu mpaka mlimani na wenzako, sahau. Moshi mjini kwenyewe ni mita 800 hivi juu ya hiyo bahari yako. Kaa nyumbani siku mbili, ule mtori, ndipo nikupandishe.

Nimekutumia kwenye simu hela ya ile kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi. Usiniulize nimeitoa wapi, ng'ombe wote wapo.

Ukishafaulu, nataka niwe mwanafunzi wako, palepale maji ya kiunoni. Sijui kuogelea na nina miaka 58, nisikudanganye. Wiki ijayo nakwenda kwa daktari na ile fomu ya afya uliyonitumia. Pale kwenye presha nimejaza ndiyo, ingawa mkono ulitaka kujaza hapana. Akikataa kusaini, nitakaa kwenye boti niwashikie taulo. Akisaini, nitashuka, na nikishafika chini nitakuonyesha kidole na gumba kwamba niko salama. Usiniamini. Nitazame mikono.

Baba yako