Geuzeni paneli kabla ya kuzifunga

Mhariri,

Wauzaji wa sola hapa Mombasa husifu paneli za utando mwembamba, zile nyeusi tii zenye mistari mingi myembamba kwenye kioo, kwamba hazijali kivuli. Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki inawaharibia watu mali yao.

Kila mstari ni mpaka wa seli mbili. Seli yenyewe ni utepe wenye upana wa milimita 5 hadi 10 hivi, unaotoka ukingo hadi ukingo, na zote zimeungwa kwa mfululizo, umeme uleule ukipita moja baada ya nyingine. Kivuli kikizikatiza tepe hizo, kila moja hupoteza kipande tu: bomba lenye kivuli cha sentimita 5 kwenye tepe za sentimita 60 hupunguza umeme kwa takriban asilimia 8. Kivuli hichohicho kikilala sambamba nazo, seli kadhaa hufunikwa zima zima. Zenye jua huzisukumia umeme kinyume, nao hukimbilia penye udhaifu na kupaunguza. Alama hubaki kwenye utando, zimejipinda kama njia ya mchwa, wala haziponi kivuli kikiondoka. Daiodi iliyo nyuma ya paneli, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, huupa umeme wa paneli jirani njia ya kupita; haiokoi seli iliyo ndani.

Kwa hiyo fundi achore kivuli kwa chaki saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi jioni. Tena hapa petu jua hubadili upande. Adhuhuri ya Juni huwa kaskazini, na tangi la kimo cha mita 1.5 hutupa kivuli cha karibu sentimita 80 kusini. Desemba kivuli huangukia kaskazini, kama sentimita 50. Penye ukuta wa pembezoni mwa paa, tepe zielekee ukutani, zisilale sambamba nao. Ni kugeuza paneli tu, gharama haiongezeki.

Kamba ya nguo ihamishwe. Leso moja ikipeperuka na kulala juu ya paneli mchana wa jua kali, yaweza kuleta madhara hayo.

Anayefunika paneli kwa turubai azime kwanza swichi iliyo kati ya paneli na inveta, mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Umeme usipotembea, seli iliyofunikwa haisukumwi. Ukishuku imeungua, chomoa waya, upime volti alfajiri kunapopambazuka na kulinganisha na paneli nyingine ya aina ileile. Mbovu hujitambulisha mwanga ukiwa hafifu. Saa sita mchana zote mbili zaweza kusoma sawa.

Mafundi wa sola,
Kisauni, Mombasa