Acheni majani chini ya miti ya bustani zetu

Mhariri,

Nina kitalu cha miche kando ya barabara huku Utange, Mombasa. Mwaka jana mkandarasi alikuja kutaka miche mia mbili ya miashoki, ile miti mirefu ya mapambo, kwa bustani ya umma iliyokuwa ikitengenezwa si mbali nasi. Nilifurahi, nikapakia. Nilipofika pale nilikuta trekta limekwisha kung'oa mikwaju miwili, mkuyu mmoja na kichaka chote cha bondeni ambako maji ya mvua hutuama. Chini ya mikwaju ile akina mama wa mboga walikuwa wakipumzika jua la saa saba. Pamemwagwa kifusi, pametandazwa matofali ya kabro. Nilionyeshwa mchoro: pale palikuwa peupe, kana kwamba hapakuwahi kuota kitu.

Sisi wa huku Kisauni hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji Bamburi. Palikuwa mwamba wa tumbawe mtupu, jua kali, na maji ya chini yana chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu, mnazi ukiwemo. Uliomfaa zaidi ni mvinje, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani.

Lakini majani ya mvinje ni magumu, hayaozi upesi. Yalilundikana tu. Haller akafanyiwa kazi na jongoo, hawa wakubwa weusi wenye miguu myekundu tunaowaruka njiani wakati wa mvua. Aliwaona wakiyala majani yale, akaleta mamia yao. Walitafuna, na kinyesi chao kikawa udongo. Udongo huo ndio uliopokea nyasi na miti mingine, kisha ndege na wanyama. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa mlango, na leo ndiyo Haller Park. Wageni huja wakiuliza habari za kiboko Owen na kobe Mzee, waliojulikana kwa urafiki wao. Mimi wanangu nimewapeleka kuwaonyesha jongoo.

Sasa tazama bustani zetu. Alfajiri majani yanafagiwa hadi udongo unabaki uchi, yanakusanywa, yanachomwa. Baadaye msimamizi anakuja kwangu kununua samadi, akiniuliza mbona ukoka umegeuka manjano. Chakula cha udongo amekichoma mwenyewe!

Najua jibu la wakubwa: kichaka huficha nyoka na vibaka. Hofu hiyo ni ya kweli, mimi pia ni mwanamke natembea jioni. Basi kata matawi ya chini mtu aone mbele, fyeka hatua chache kila upande wa njia, weka taa, na huko ndani kuache kulivyo. Kuna tofauti kubwa kati ya kupogoa na kung'oa.

Naomba kaunti isipitishe mchoro wowote wa bustani mpaka kila mti uliosimama uwe umehesabiwa na kuchorwa mahali pake, na mchoraji awe amefika pale mvua ya Aprili au Mei ikinyesha, aone maji yanapita wapi. Njia ipinde kuufuata mti. Bondeni pasijazwe kifusi, papandwe mitomondo, maana huo ni mti wa penye maji. Tangu kabro ile itandazwe, mvua ikinyesha maji yanateremka barabarani hadi milangoni mwa watu.

Kitaluni nina mikwaju thelathini na mibambakofi kumi na miwili, iko kwenye viriba, imefika magotini. Atakayechora bustani ijayo aje kabla ya trekta. Nitafunga kitalu siku hiyo, nitembee naye.

Mama Miche,
Utange, Mombasa