Barua kwa Zuhura: bibi wa yule mzee

Kilifi, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na za mama zimo humo humo. Barua yako imenikuta nimezama kwenye karatasi za mwigo za Kidato cha Nne, nikaisoma kwa kuiba, kalamu nyekundu ikiwa sikioni. Nilipofika kwa yule mzee wa Kitanzania nilicheka hadi mwalimu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Nisamehe. Najua kwako wewe hakikuwa kichekesho.

Ngoja nikirudie kisa, uone kama nimekipata. Uko kliniki, kwenye kazi yako ya ukalimani. Daktari anauliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua kisukari. Mzee anajibu, "Bibi yangu alikuwa nacho, mpaka akakatwa mguu." Wewe, mtoto wa Kisauni ya Mombasa, ukamfasiria daktari kwamba ni mkewe. Daktari akaandika, kisha akauliza mke alifariki lini. Mzee akasema, "Mimi sijaanza hata shule." Hapo ndipo nilipoishiwa na pumzi: mtu kafiwa na mke na meno ya utotoni hayajang'oka!

Unasema unajilaumu kwa sababu neno ulilijua. Ndiyo, ulilijua. Bibi kwetu ni mke, kwao ni mama yake mama au mama yake baba. Na sisi tukisema nyanya tukimaanisha mzee wetu, wao wanaiona kachumbari. Hayo tumeyacheka tangu chuoni. Kwa hiyo mimi sioni kwamba neno ndilo lililokuponyoka. Lililokuponyoka ni swali. Daktari aliuliza habari za damu, na mke si damu. Swali lile lilikuwa limeshamfungia mke mlango kabla mzee hajafungua kinywa. Bibi aliyebaki mle ndani alikuwa mmoja tu.

Sasa nakuja kwenye ulichoniuliza, kwamba ukiwafundisha wale wakalimani wapya kile Waingereza wanachokiita context, useme mazingira au muktadha. Mimi ningesema muktadha, wala si kwa kupenda maneno mazito.

Mazingira yametoka kwenye kuzingira. Maji huzingira kisiwa, askari huzingira nyumba. Gazeti likiandika kwamba mtu amekufa katika mazingira ya kutatanisha, au ofisa kanaswa katika mazingira ya rushwa, linakuonyesha vilivyokuwa vimemzunguka: chumba, saa, bahasha juu ya meza. Vipo tu, hata kama hakuna aliyesema neno. Hali nayo ni pana mno, utaikuta kwenye hewa na kwenye mgonjwa. Mandhari waachie watu wa riwaya.

Muktadha ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa kadhi na kukidhi. (Na kukidhi kwenyewe, shoga! Mheshimiwa akisimama jukwaani akasema kisima kitakidhi haja za wananchi, watu hupiga makofi. Sema wewe ndani ya matatu kwamba unataka kukidhi haja, uone dereva anavyotafuta kichaka.) Wanazuoni wa balagha, ile elimu ya ufasaha wa Kiarabu, walikuwa wakisema kwamba maneno mazuri ni yale yanayolingana na muktadha wa hali, yaani kile ambacho hali inakidai. Inadai, Zuhura! Mazingira yanakuzunguka na kunyamaza. Muktadha unakudai kama mwenye duka. Chumba cha daktari, kiti, mzee mgonjwa, hayo yote hayakukuambia bibi ni nani. Dai la swali ndilo lililokuambia.

Pale chuo kikuu tulisomeshwa habari za Malinowski, yule mwanaanthropolojia wa Kipolandi aliyekaa na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Pasifiki. Mwaka 1923 aliandika kwamba alichukua maneno ya mabaharia wale akayafasiri moja moja, na hayakuleta maana yoyote, mpaka alipoeleza kwamba watu walikuwa wakijigamba mtumbwi wao umewapita wenzao. Wakati ule niliikariri kwa ajili ya mtihani. Nimeielewa juzi, kwa mzee wako.

Na mtihani ndio huu unaonikosesha usingizi. "Eleza muktadha wa dondoo hili. (alama 4)" Unakumbuka tulivyofundishwa: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa sababu gani. Wanafunzi wangu wanaandika kama kasuku: msemaji fulani, msemewa fulani, wako sebuleni. Tatu wanazipata. Ya nne, ya sababu, ndiyo inayomwagika, karatasi baada ya karatasi. Leo msichana mmoja, tena hodari, ameandika sababu kuwa "kwa sababu walikuwa wanazungumza." Nilimwekea duara kubwa, halafu nikakukumbuka. Nawe ulikuwa na tatu zako kamili: mzee, daktari, kliniki.

Kwa hiyo ukiwafundisha, usiwape orodha ya maneno ya Kenya na ya Tanzania peke yake. Wazoeshe kumuuliza daktari, kabla ya kufasiri, anataka kujua nini na kwa nini. Na wakisita, wamuulize mzee: bibi yupi, mkeo au mama mzaa mama? Hakuna aibu. Aibu ni kumwozesha mtu akiwa na miaka sita.

Hata hilo "shoga" nililoanzia barua, kati yetu ni asali. Mwanamume amwite hivyo mwanamume mwenzake uone kama hawatashikana mashati.

Mwembe wa nyuma umezaa mpaka matawi yanagusa bati. Mama ameniuliza kama utakuja Idi. Nikamwambia umesema inshallah. Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Aliisema kabla ya kukata tiketi au baada?"

Wako,
Mwanakombo