Salamu za Krismasi kwa ndugu, jamaa na majirani

Tumsifu Yesu Kristo!

Kwa niaba ya familia nawatakieni nyote Krismasi njema yenye amani na afya, ninyi mliokwisha kupanda Kibosho na Uru, kwetu Moshi, na ninyi ambao nauli imewabakiza Dar es Salaam.

Mwaka ulikuwa mgumu. Mchele, sukari, mafuta ya kula, vyote vimepanda, na Januari inakuja na sare, madaftari na michango ya shule. Na Bibi ametutoka. Ndiye aliyekuwa akitaka Injili isomwe polepole, na kila nikisikia kwaya ikijaribu sauti bado namtafuta kwa macho. Apumzike kwa amani.

Kwa hali hii, zawadi ya mtoto iwe moja, na iwe kitabu. Pale dukani fungua ukurasa wa katikati, mpe asome kwa sauti. Akikwama maneno zaidi ya matano, kinamzidi. Atakitupa kabla ya tarehe 26. Kagua na mgongo. Kilichoshonwa kwa uzi hudumu, ila cha gundi kikikunjuliwa kwa nguvu siku ya kwanza huachia karatasi. Cha namna hiyo kilazwe mezani, ufungue kurasa chache za mbele, kisha chache za nyuma, ukizilainisha kwa kiganja mpaka ufike katikati. Kivishwe kaki. Wazee watafutieni chenye herufi kubwa.

Luka 2:1–20 isomwe nyumbani baada ya Misa, kabla ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, haijakatwa, kwa sababu watu wakishashiba na mbege, pombe yetu ya ndizi, ikishazunguka hakuna msikilizaji. Ni dakika tatu au nne tu. Msomaji ajulishwe tangu mkesha apate kujizoeza: Kirenio, liwali wa Shamu, huwakwaza watoto wengi.

Nyimbo ziingizeni kwenye flashi kabla ya safari, msitegemee bando. Ziwe MP3, na flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, maana sabufa nyingi hazisomi mfumo mwingine. Sabufa isikae konani. Kona huvimbisha besi, nayo besi ikivimba humeza sauti ya pili na ya tatu, ukabaki na sauti ya kwanza na ngurumo. Ivuteni mbele hatua moja, besi ishushwe hadi nusu. Ikianza kukoroma, imezidiwa, punguzeni. Kisha wimbo mmoja usikilizwe mpaka mwisho, wote wameketi, simu zimewekwa kando. Kwaya iliyofanya mazoezi miezi mitatu inastahili dakika zetu tano.

Wazazi wenzangu, tusikope ili majirani watuone. Maria na Yosefu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni, na Mwokozi akalazwa horini. Mwenye nacho apeleke sukari na nyama kwa mjane wa jirani kabla hajaonja ya kwake. Na ninyi ndugu mnaogombania kihamba, shamba la ukoo, mnawezaje kupokea Komunyo asubuhi na jioni mpitane bila salamu? Pataneni sasa, wazee wangali hai wa kuwasikiliza.

Mungu awalinde barabarani, awarudishe salama kazini na shuleni. Heri ya Krismasi na baraka tele za Mwaka Mpya.